Forester inakula tairi za nyuma kwa ndani, alaimenti nimepiga mara mbili. Nakosea wapi?

#1 Uyole Kwetu

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijaiuza hii gari kwa hasira.

Nina Subaru Forester SG5 ya 2004, nimeinunua mwaka jana kwa mtu hapa hapa Mbeya. Mwezi wa tatu nilifunga tairi mpya zote nne, 215/60R16. Sasa ni mwezi wa nane, sijafikisha hata kilomita 11,000, na tairi za nyuma zimeliwa kwa ndani mpaka nyuzi zinachungulia. Ya kushoto ndiyo mbaya zaidi. Ukisimama nyuma ya gari huoni kitu, kashata (meno ya tairi) zote zipo. Mpaka ulale chini ndipo unakutana na kipara. Mimi mwenyewe sikujua, kijana wa pancha pale Chimala ndiye aliyeniita: "Mzee, njoo uone unachotembelea."

Za mbele nzima kabisa. Alaimenti (kunyoosha magurudumu) nimepiga mara mbili kwenye gereji moja mjini, mara ya mwisho mwezi wa sita. Elfu 30 kila mara. Tatizo nini?

#2 Kabwe Mtoto

Tairi za Kichina hizo mkuu. Usitafute mchawi.

#3 Uyole Kwetu

Za mbele ni aina hiyo hiyo, zilitoka duka moja siku moja. Mbona nzima?

#4 Kabwe Mtoto

Hapo sina jibu. Nakaa pembeni nasoma.

#5 Spana 14

Mzee wa Uyole, nijibu haya kwanza halafu tuongee. Siku ya alaimenti walifunga vile vifaa vya kwenye rimu magurudumu manne au mawili? Karatasi ya vipimo ulipewa? Ukiwa umenyooka barabarani usukani umekaa katikati au umelalia upande? Na gari inabeba nini?

#6 Uyole Kwetu

Walifunga mbele tu, mawili. Nilipouliza habari ya nyuma, fundi akasema nyuma haina alaimenti, inakuja imeshawekwa toka Japani. Karatasi sikupewa. Usukani umelalia kushoto kidogo, nikadhani ndivyo ulivyo. Mzigo sibebi, ni familia na vitu vidogo vidogo vya nyumbani.

#7 Spana 14

Basi umelipa elfu 60 kutibu jino ambalo haliumi.

Niko Makambako, kazi hii naifanya miaka mingi, na hilo jibu la "nyuma haina alaimenti" nalisikia kila wiki. Kwa IST, Vitz, Probox na ndugu zao ni kweli nusu: nyuma kuna bimu moja, hakuna boliti ya kurekebisha. Ila hata bimu hupinda, na bila kuipima huwezi kujua. Kwa Forester yako si kweli kabisa. Kila gurudumu la nyuma limeshikwa na amu zake (vyuma vya kulishikilia), na amu mojawapo ina boliti yenye washa iliyochorwa mistari. Ukiizungusha, amu inasogea na gurudumu linageuka. Subaru hawakuiweka pale kama urembo.

Sasa vipimo viwili vinavyokuhusu. Cha kwanza mafundi tunakiita kemba (siyo kamba). Simama nyuma ya gari uangalie magurudumu kama unavyoangalia miguu ya mtu. Yakiwa na matege, juu yametoka nje. Yakiwa yametanua chini na kuinamiana juu, uzito unakaa ukingo wa ndani. Gari nyingi za aina yako hutoka kiwandani zimetanua kidogo, hiyo si kasoro. Kasoro huja springi zikilala au bushi (mipira ya kwenye maungio) zikifa, mtanuko ukazidi.

Cha pili ni tou, na huyu ndiye mlaji mkubwa. Ni nyayo: mtu anaweza kutembea nyayo zikitazama ndani, mbele, au nje. Nyuma ikitazama nje, tairi haiviringiki tu, inaburuzwa kwa upande huku inaviringika, na ukingo wa ndani ndio unaolipa. Kemba peke yake huila tairi taratibu, na inaliwa laini. Tou huimaliza kwa miezi. Zikikutana zote mbili, unapata hicho ulichoonyeshwa Chimala.

Jipime mwenyewe. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu rudisha. Kama kwenda kunakwaruza, kama unampapasa mbasa kinyume cha magamba, na kurudi ni laini, hiyo ni tou ya kutazama nje. Angalia nyuzi za waya zilizotoka, zisikuchane.

Na huo usukani uliolala ni ushahidi. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari inaelekea wapi. Yakiwa na wastani wa kutazama kushoto, gari inatembea kama kaa, na wewe bila kujua unashika usukani kushoto kuifuata. Ndiyo maana alaimenti huanzia nyuma: unanyoosha nyuma kwanza, kisha mbele unaifuatisha. Anayeanza mbele na kuishia mbele amekunyooshea kichwa kwenye shingo iliyopinda.

#8 Dada wa Tukuyu

Fundi shikamoo. Mimi nina IST, yangu haikuliwa ndani, ilikuwa na vibonde vibonde kuzunguka tairi ya nyuma kulia. Ilikuwa inavuma kuanzia kasi ya 60 mpaka nikaambiwa beringi imekufa. Nikabadilisha beringi, ikavuma. Nikabadilisha na ya kushoto, ikavuma. Baadaye jirani akaniambia hamisha tairi za nyuma zije mbele. Sauti nayo ikahamia mbele! Yaani nilinunua beringi mbili nzima kwa kosa la tairi.

#9 Spana 14

Marahaba dada. Vibonde ni shokapu. Shokapu ikiisha, tairi inadunda badala ya kukanyaga, inaliwa pale inapotua. IST nyuma ni nyepesi, hasa ukiwa peke yako, kwa hiyo inadunda zaidi. Ukibadilisha tairi bila shokapu, vibonde vitarudi.

#10 Dada wa Tukuyu

Nilibadilisha zote mbili. Ndaga fijo, asante sana.

#11 mhesabu_

Naongeza namba kidogo kwa wanaodhani milimita ni kitu kidogo.

Tairi ya 215/60R16 ina kipenyo cha kama milimita 664. Tuseme imegeuka milimita 3 tu, yaani ukipima ukingo wake wa mbele na wa nyuma, tofauti ni 3. Gawanya 3 kwa 664. Ni kama asilimia 0.45. Maana yake kila kilomita moja unayokwenda mbele, tairi inaburuzwa mita 4 na nusu kwa upande. Uyole mpaka Iringa ni kama kilomita 330. Zidisha. Hiyo tairi imeburuzwa karibu kilomita moja na nusu juu ya lami, ikiwa na uzito wa gari mgongoni. Nani asingeisha?

#12 Spana 14

Hesabu sawa. Ongeza moja tu: tairi za ekseli moja hugawana. Hata kama aliyepinda ni wa kushoto peke yake, gari itajitafutia njia ya katikati, kila mmoja aburuzwe nusu. Ndiyo maana mzee ana kipara pande zote mbili. Watu wengi huona zimeliwa zote wakadhani zimepinda zote.

#13 Mnyalukolo wa Ipogolo

Kamwene wote.

Mimi ni dereva teksi Iringa na sikuwahi kupanga foleni kwenye mashine. Napima kwa kamba ya wajenzi. Tafuta sakafu iliyo sawa, weka stendi mbili mbele na mbili nyuma, funga kamba kila upande ipite usawa wa katikati ya gurudumu. Halafu pima kutoka kwenye kamba mpaka ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya gurudumu hilo hilo. Tofauti ndiyo tou yako.

Wengi hukosea hapa: wanakaza kamba iguse tairi zote nne. Magari mengi upana wa mbele na wa nyuma haulingani, kwa hiyo kamba yako imeshalala kabla hujaanza. Kamba isiguse tairi. Kaa mbali, hakikisha umbali wa kamba mpaka katikati ya habu (vitovu vya magurudumu) za mbele ni sawa kulia na kushoto, na za nyuma hivyo hivyo.

Haitakupa kemba, lakini itakuambia kama kuna ugonjwa kabla hujatoa hela.

Na mkuu usiendelee kutembelea hizo tairi mvua zikianza. Wengi huogopa tairi ya mbele, mimi naogopa ya nyuma. Ya mbele ikiteleza unajua, usukani unakuwa mwepesi. Ya nyuma ikiteleza unashtukia matako ya gari yanakuja ubavuni. Ilinitokea nashuka Kitonga na mvua, kipara nyuma, nyuma yangu lori. Tangu siku hiyo huwa nalala chini kukagua tairi, abiria wanicheke wasinicheke.

#14 Sae Sae

Mbona mnazunguka? Hamisha za mbele ziende nyuma, za nyuma zije mbele. Maisha yaendelee.

#15 Spana 14

Kuhamisha ni vizuri, kila kilomita 8,000 hadi 10,000, kwa gari isiyo na ugonjwa. Kwa huyu utakuwa umempelekea mlaji chakula kipya. Miezi mitano ijayo ana vipara vinne.

Na kwa Subaru kuna jambo jingine. Zote nne zinavuta. Ukifunga mbili mpya nyuma na mbele ukaacha zilizochakaa, mizingo haifanani, klachi ya katikati inayogawa nguvu inafanya kazi muda wote hata kwenye lami iliyonyooka. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzingo isizidi takriban milimita 6. Hiyo ni kama milimita 1 tu ya kashata. Mzee, pima za mbele kabla hujanunua.

#16 Kiazi Mviringo

Samahani wakuu, naomba kuuliza kitu nje ya mada kidogo. Mwenye uzi, gari yako si rangi ya fedha, kioo cha nyuma kina stika ya samaki?

#17 Uyole Kwetu

Ndiyo. Kwani vipi?

#18 Kiazi Mviringo

Jumamosi nilikuwa Isyonje napakia viazi. Nimeona Forester hiyo imebeba lumbesa tatu ndani na moja juu ya keria. Mbele ilikuwa inatazama mawingu. Hivyo ndivyo "vitu vidogo vidogo vya nyumbani"?

#19 Kabwe Mtoto

😂😂😂 Mchawi kapatikana.

#20 Uyole Kwetu

Wakuu, mama watoto ana kibanda cha chipsi hapa Uyole. Ni mara moja kwa wiki tu, wakati mwingine mbili. Sikudhani lina uhusiano na alaimenti.

#21 Spana 14

Lina uhusiano sana. Daktari usimfiche ugonjwa.

Nyuma ikibonyea, amu zinabadilisha pembe. Kemba inazidi kutanua, tou nayo inahama. Kwa hiyo gari inapimwa ikiwa tupu na kuonekana nzuri, ukishapakia lumbesa inakuwa gari nyingine. BMW kwenye vitabu vyao vya gereji hutaka uzito uwekwe kwenye viti kabla ya kupima alaimenti, kwa sababu hiyo hiyo. Na springi iliyobebeshwa kila wiki kwenye barabara ya Isyonje, kona na mteremko, hairudi juu ilipokuwa.

Nenda mahali wanapofunga magurudumu manne. Kabla hawajawasha mashine waambie wanyanyue gari, wachokonoe bushi za amu za nyuma kwa mtaimbo. Bushi ikiwa imechanika, usipige alaimenti. Utatoka na karatasi nzuri, ukifika tuta la kwanza vipimo vimehama. Na hizo boliti zenye mistari jiandae, gari zilizoishi kwenye theluji na chumvi kule Japani boliti huwa zimeoana na bushi.

#22 Sae Sae

Mimi nadhani pia ni hali ya hewa. Mbeya juu, hewa nyepesi, ukishuka Kyela upepo unapungua tairi zinalala zinaliwa pembeni.

#23 mhesabu_

Nusu ya kweli. Mbeya iko kama mita 1,700, Ziwa Nyasa halifiki mita 500. Geji husoma tofauti ya ndani na nje, na ukishuka hewa ya nje inaongezeka, kwa hiyo geji itasoma pungufu karibu PSI 2. Lakini umetoka asubuhi na baridi ya Mbeya, umefika kwenye joto la Kyela. Joto hilo linarudisha karibu 3. Zinafutana. Isitoshe upepo mdogo hula kingo zote mbili, wa nje na wa ndani. Yeye kaliwa mmoja.

#24 Sae Sae

Sawa mwalimu.

#25 Uyole Kwetu

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Samahani kwa kimya cha wiki mbili.

Kwanza nilifanya kamba ya Mnyalukolo uwanjani kwa shemeji mwenye sakafu ya zege. Kushoto nyuma ilinipa milimita 5 nje. Nikadhani nimekosea, nikarudia mara tatu, 5 ileile. Kulia sifuri au karibu na sifuri.

Nikaenda sehemu nyingine wanaopima manne kwa kamera. Mashine ikasema karibu na kamba yangu! Kushoto 5.2 nje, kulia 0.3. Kemba kushoto nyuzi 2 na dakika 20 za kutanua (ni vipimo vya pembe, dakika 60 ni nyuzi 1), kulia nyuzi 1 na dakika 40. Kwenye skrini kushoto yote nyekundu. Wakanyanyua gari. Bushi ya amu ya nyuma kushoto imechanika, unaingiza mtaimbo unaiona inacheza. Springi za nyuma zimelala, ukizilinganisha na mpya kwenye meza zimepungua urefu wa kidole.

Boliti ndiyo iliyotutoa jasho. Mafuta ya kulainisha usiku kucha, moto asubuhi, haikutoka. Mwisho wakaikata na grenda pamoja na bushi yake. Siku nzima imeishia hapo. Nikanunua boliti mpya na washa zake, bushi za pande zote mbili, springi mbili. Alaimenti yenyewe elfu 60. Hizo springi sitaji bei, mama watoto anasoma huku.

Baada ya hapo: tou milimita 1 ndani kila upande, kemba nyuzi 1 na dakika 15 kushoto, nyuzi 1 na dakika 10 kulia, zote zimeingia kijani. Karatasi mbili ninazo, ya kabla na ya baada. Nimetoka nikashangaa usukani umekaa katikati. Mwaka mzima nimeendesha nimeushika kushoto na sikujua.

#26 mhesabu_

Milimita 5 za kugawana ni 2.5 kwa kila tairi. Kila safari ya Iringa ulikuwa unaburuza tairi zote mbili zaidi ya kilomita moja.

#27 Spana 14

Safi sana mzee. Tairi umefanyaje?

#28 Uyole Kwetu

Za mbele fundi alipima zimebaki milimita 6.5, mpya ni 8. Nilitaka kubisha, nikakumbuka klachi ya katikati. Nikapata mbili za mtumba za saizi hiyo zenye 6 na nusu hadi 7, aina ile ile. Namba za ubavuni zinasema 3122, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2022, mpira bado haujapasuka. Najua mtumba ni bahati nasibu, ila mifuko ilikuwa imekauka.

#29 Spana 14

Hapo sikulaumu. Baada ya kilomita 1,000 lala chini na kiganja chako.

#30 Uyole Kwetu

Kilomita 2,300 leo. Kiganja kinakwenda na kurudi laini. Nimempigia picha kijana wa Chimala nikamtumia.

#31 Kiazi Mviringo

Na viazi?

#32 Uyole Kwetu

Viazi sasa vinakuja na kirikuu. Sasa sikilizeni. Jana dereva wa kirikuu ananishushia gunia, naona tairi zake za nyuma zimeliwa katikati tu, pembeni kashata mpya. Namuuliza, ananiambia yeye anajaza upepo mpaka jiwe, tupu au na mzigo, ili tairi isilale. Nimemwambia asome kibandiko cha mlangoni. Kasema kibandiko ni cha Kijapani.

#33 Spana 14

Namba za Kijapani ni hizi hizi zetu. Ila huko wengi huandika upepo kwa kPa (kilopaskali), siyo PSI za geji zetu, atakuta 240 adhani ni kosa la uchapaji. Mwambie agawe kwa 7, atapata karibu na geji yake.